TAABU ZA WAKATA NDIZI WA AMERIKA
Hotuba kwa Machifu, Wazee na Walimu



Maneno yangu ni juu ya ndizi, na pengine baadhi yenu mtacheka, kwa kuwa hapana mtu hapa asiyeujua mgomba. Mtu wa Bukoba au wa Kilimanjaro amezaliwa chini ya mgomba, amelishwa nao, naye ataurithisha kwa wanawe. Lakini mgomba nitakaousema si ule ulio nyuma ya nyumba. Mgomba wa nyumbani mwenyewe huupanda, huukata, akala na watoto wake. Na upepo ukiuangusha, hasara ni yake naye aijua. Mimi nataka kuwaelezeni habari za mgomba wa shamba kubwa, uliopandwa kwa ajili ya walaji walio ng'ambo ya bahari, na zaidi habari za watu wanaoutumikia. Nchi zenyewe ni Costa Rica, Honduras na Nicaragua, zilizo katika Amerika ya Kati, pamoja na jirani yao Kolombia.

Neno ninalotaka mlichukue nyumbani ni moja. Katika mashamba yale hasara ilikuwa na desturi ya kuteremka kama maji ya mlimani. Ilianza juu kwa mwenye meli, ikashuka kwa mwenye shamba, ikashuka kwa msimamizi, hata ikamfikia mtu mwenye panga. Naye hakuwa na mtu chini yake wa kumpokeza. Basi akailipa kwa mwili wake.

Mwanzo wa mashamba

Mwaka wa 1871 nchi ya Costa Rica ilianza kujenga reli kutoka San José, mji wake mkuu ulio milimani, mpaka pwani ya Limón. Kazi hiyo baadaye ilishikwa na Mmarekani mmoja aitwaye Minor Cooper Keith. Njia ilipita katika misitu yenye mvua nyingi na mabwawa, na homa zilikuwa kali. Waliletwa watu wa Jamaika, Wachina na Waitalia, nao walikufa kwa maelfu. Reli ilikwisha mwaka wa 1890. Kwa kuwa abiria walikuwa wachache, Keith alipanda migomba kandokando ya njia ili gari la moshi lipate mzigo. Basi mzigo ule ukashinda abiria kwa faida.

Mwaka wa 1899 Keith aliunganisha biashara yake na kampuni ya Boston Fruit Company, na huo ndio mwanzo wa United Fruit Company. Kampuni hiyo ilipata ardhi, reli, bandari na meli nyingi zilizopakwa rangi nyeupe. Liangalieni jambo hili, ndugu zangu. Mwenye shamba kubwa alikuwa ndiye mwenye gari, na mwenye gari alikuwa ndiye mwenye meli. Mkulima mdogo aliyekuwa na ndizi zake hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumwendea, na kibarua aliyefukuzwa shamba moja aliweza kutembea siku nzima asitoke katika ardhi ya bwana yule yule.

Siku ya kukata

Ndizi haingoji mtu. Iendayo mbali yapaswa kukatwa ingali mbichi, ili iivie huko iendako. Ikichelewa siku chache tu huoza njiani. Kwa hiyo zamani zile, meli ilipokuwa karibu kufika, simu ilipelekwa mashambani kwamba watu wakate. Hapo hapakuwa na kuuliza kama ni mchana au usiku, wala kama mvua yanyesha. Mkataji alichukua mti mrefu wenye kisu nchani, akaujeruhi mgomba ili uiname taratibu. Mwenzake alisimama chini akaupokea mkungu begani, asiuache kuguswa na ardhi. Ndizi zenyewe zilikuwa za aina ya Gros Michel, ndiyo waiitayo bogoya katika Uganda, na mkungu wake mmoja huweza kuwa na uzito wa kilo 30 au 40. Mchukuzi aliupeleka kwa nyumbu au penye reli, akipita katika matope na mifereji, kisha akarudi kuchukua mwingine, hata behewa zijae. Meli isipokuja hapakuwa na kukata, wala hapakuwa na ujira wa kukata.

Sasa sikieni hesabu yao. Mkungu wenye chane 9 ulihesabiwa kuwa mzima. Wenye chane 8 ulikuwa robo tatu, wenye 7 ulikuwa nusu, na wenye 6 ulikuwa robo tu. Tena mkaguzi alisimama penye reli, na mkungu wenye mchubuko au uliopevuka kupita kiasi aliukataa. Ndizi zilipokuwa tele, au bei iliposhuka huko mbali, jicho la mkaguzi lilizidi kuwa kali. Mkulima aliyekataliwa mikungu yake hakupata kitu, naye akamgeukia mkataji wake akamlipa kidogo au akamcheleweshea. Mkungu ulitupwa kando ya njia, lakini jasho la mtu aliyeubeba lilikuwa limekwisha kumwagika. Hivyo bei ya sokoni, katika mji asioupata kuuona, ilikuja kumtoza mchukuzi aliye matopeni.

Watu walikaa katika kambi, katika nyumba ndefu za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, na familia nyingi zikabanana pamoja. Wakubwa walikuwa na mtaa wao mbali, wenye bustani na nyavu za kuzuia mbu. Vibarua walisumbuliwa na homa ya malaria, na katika majani palikuwa na nyoka wa sumu kali ambaye wenyeji humwita terciopelo. Si haki kusema kwamba kampuni haikufanya jema lo lote. Ilijenga hospitali, na madaktari wake walipigana na malaria kwa bidii. Lakini vibarua walikatwa sehemu ya ujira wao kwa ajili ya hospitali hizo, na aliyeumwa na nyoka katika shamba la mbali aliweza kufa kabla ya kufikishwa huko.

Vyeti badala ya fedha

Huko Kolombia, karibu na mji wa Santa Marta, vibarua wengi walipewa vyeti badala ya fedha. Vyeti hivyo vilipokewa katika maduka ya kampuni tu. Meli zilizopeleka ndizi Marekani hazikutaka kurudi tupu, basi zilirudi na bidhaa, na bidhaa hizo ziliwekwa katika maduka yale. Kwa njia hiyo kampuni ilimlipa mtu kwa mkono wa kuume, ikaupokea ujira ule ule kwa mkono wa kushoto.

Tena palikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Sheria ya Kolombia ilikwisha kuagiza kwamba watu wa kazi wapate siku ya mapumziko na malipo wanapoumia. Lakini kampuni iliwaajiri kwa mikono ya makontrakta wadogo, na walipodai haki zao iliwajibu ya kuwa hao si watu wake. Mtu alikata ndizi za kampuni, katika shamba la kampuni, akalala katika kambi ya kampuni, lakini siku ya kudai aliambiwa kuwa si wa kampuni.

Tarehe 12 Novemba 1928 maelfu ya vibarua waligoma. Waliyoyataka hayakuwa makubwa: walipwe kila juma, tena kwa fedha, wapate mapumziko ya Jumapili, walipwe wakiumia, nyumba na hospitali zitengenezwe, na kampuni ikubali kwamba wao ni watu wake. Serikali ilipeleka askari chini ya Jenerali Carlos Cortés Vargas. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, watu walikuwa wamekusanyika penye stesheni ya Ciénaga. Waliamriwa kutawanyika, kisha askari wakawapiga risasi. Jenerali mwenyewe alikiri vifo 47 katika matata yale. Wengine walitaja mamia, na wengine zaidi ya elfu, na mabishano hayakwisha mpaka leo. Mwaka wa 1929 mwanasheria Jorge Eliécer Gaitán alikwenda kuuliza habari huko, akazileta mbele ya Baraza la nchi. Miaka mingi baadaye Gabriel García Márquez, aliyezaliwa katika nchi ile ile ya ndizi, katika mji wa Aracataca, mwaka wa 1927, aliyatia mauaji hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1967, na kwa kitabu hicho dunia nzima ilikumbuka.

Ugonjwa wa mgomba na mwili wa mtu

Mgomba nao una maradhi. Yako maradhi yatokayo udongoni, yaitwayo ugonjwa wa Panama, ambayo yaliiua migomba ya Gros Michel shamba kwa shamba. Kampuni haikuwa na dawa, ila kuhama. Iliacha mashamba yaliyokufa ikafungua mapya. Huko Costa Rica ilihama kutoka pwani ya Limón ikaenda pwani ya pili, iliyo upande wa Bahari ya Pasifiki. Lakini sheria ya mwezi wa Desemba 1934 ilikataza watu weusi kuajiriwa katika mashamba mapya ya huko. Wajamaika na watoto wao, ambao wazee wao walijenga reli na kupanda migomba ya kwanza, waliachwa Limón pamoja na mashamba yaliyokufa. Ugonjwa ulikuwa wa mgomba, lakini aliyekosa riziki ni mtu.

Katika miaka ya 1930 na kitu ulikuja ugonjwa mwingine wa majani, uitwao Sigatoka. Dawa yake ilikuwa maji yaliyochanganywa mrututu na chokaa. Vibarua walivuta mipira mirefu shambani wakanyunyiza majani kutwa nzima, na dawa ikawarudia vichwani kama mvua. Nguo zao ziligeuka rangi ya buluu na kijani, na ngozi vile vile, wala haikutoka kwa kuoga mara moja. Wenzao wa Costa Rica waliwaita pericos, maana yake kasuku. Lilikuwa jina la mzaha, lakini waliobeba jina hilo walikohoa, walikosa hamu ya kula, na wengi hawakuweza kuendelea na kazi ile kwa muda mrefu. Unyunyizaji wa namna hiyo uliachwa baada ya mwaka wa 1958 hivi, zilipopatikana dawa za mafuta zinyunyizwazo kwa ndege.

Waligomaje, na walipata nini?

Labda mtu ataniuliza, Je, watu wale walinyamaza tu? La. Mwezi wa Agosti 1934 vibarua zaidi ya 10,000 waligoma katika pwani ya Limón. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Carlos Luis Fallas, fundi viatu aliyewahi kufanya kazi katika mashamba yale, ambaye mwaka wa 1941 alitoa kitabu juu ya maisha hayo kiitwacho Mamita Yunai. Katika madai yao waliomba walipwe kwa fedha, na dawa ya sumu ya nyoka iwekwe mashambani. Fikirini, wazee wangu: kwamba watu iliwapasa kuacha kazi wakae na njaa ili waombe chupa ya dawa ya nyoka! Mapatano ya kwanza hayakutimizwa, mgomo ukazuka tena mwezi wa Septemba, nao ukazimwa kwa nguvu. Lakini madai yale hayakusahauliwa, na mwaka wa 1943 Costa Rica ilipata kitabu cha sheria za kazi.

Huko Honduras, mwaka wa 1954, matata yalianza kwa wapakiaji wa meli waliodai malipo ya ziada kwa kazi ya siku ya mapumziko. Mgomo ulienea mashambani ukadumu siku 69. Vibarua walipata nyongeza ya ujira, na chama chao kikakubaliwa. Mwaka wa 1959 nchi ile nayo ilipata sheria zake za kazi. Lakini mwaka ule ule wa 1954 mafuriko yaliharibu mashamba, na baadaye maelfu ya watu walipunguzwa kazini. Hivyo waliopata haki si wote waliobaki kuifaidi.

Sumu isiyoonekana

Sasa nafika penye habari iliyo nzito kuliko zote. Mrututu angalau ulionekana kwa macho. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilitumika dawa iitwayo DBCP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Nemagon, ya kuua minyoo midogo sana ilayo mizizi ya mgomba. Kibarua aliichoma ardhini kwa bomba la mkono, kando ya kila mgomba, akivuta mvuke wake na kurukiwa na matone mikononi. Mwaka wa 1961 wataalamu walikuwa wamekwisha kuandika kwamba dawa hiyo iliharibu viungo vya uzazi vya wanyama waliojaribiwa. Maandishi hayo yalikuwako, lakini hayakumfikia mtu mwenye bomba.

Mwaka wa 1977, katika kiwanda kimoja cha California kilichotengeneza dawa hiyo, wafanyakazi walitambua kwamba miongoni mwao wengi hawapati watoto. Walipopimwa, ikaonekana mbegu zao za uzazi zimepungua au zimekwisha kabisa. Mwaka wa 1979 serikali ya Marekani ilikataza karibu matumizi yote ya dawa hiyo, ila iliiruhusu katika mananasi ya Hawaii mpaka mwaka wa 1985. Huko Amerika ya Kati maelfu ya watu wa ndizi walijikuta hawana uzazi. Mimi sihitaji kuwaelezeni ninyi maana ya jambo hilo. Mwanamume alirudi kwake na ujira wake, akaoa, akangoja; mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Aghalabu mke ndiye aliyelaumiwa kwanza, kama ilivyo desturi mbaya ya watu wengi. Kumbe aliyeubeba ugonjwa alikuwa mume, naye hakuujua, na waliojua hawakumwambia. Kesi zilifunguliwa katika mahakama za Marekani na za nchi zao zikachukua miaka mingi sana, na wengi walizeeka au walikufa kabla ya kupata cho chote.

Siku hizi

Siku hizi mambo mengi yamebadilika. Gros Michel imeacha nafasi yake katika biashara kwa ndizi za aina ya Cavendish. Mkungu huvikwa mfuko wa plastiki ungali mgombani, na ukikatwa hutundikwa kwenye waya mrefu wa chuma. Mtu mmoja hujifunga mkanda kiunoni akaivuta mikungu 20 au zaidi kwa pamoja mpaka penye banda la kuoshea. Humo wanawake wengi husimama saa nyingi, mikono yao majini, wakitenga chane, wakiosha utomvu na kuzipanga katika masanduku ya kilo 18 hivi. Juu ndege hupita ikinyunyiza dawa ya majani. Vyama vya wafanyakazi vipo na sheria zipo. Lakini ile njia ya makontrakta haijakufa, na mtu aliyeajiriwa kwa miezi michache huogopa kudai haki yake, asije akakosa kazi msimu ujao. Tufani kubwa iitwayo Mitch ilipoipiga Honduras mwaka wa 1998, mashamba ya ndizi yalifunikwa na maji na matope, na maelfu ya watu wakakosa kazi.

Funzo letu

Waheshimiwa, sikuwasimulia haya ili kuwatisha vijana wasifanye kazi ya ujira. Kazi si aibu, na shamba kubwa laweza kumlisha mtu na wanawe. Nimewasimulia ili tujue kuuliza. Kijana wetu anapoitwa kwenda kazi ya mbali, iwe ya mananasi au ya kitu kingine cho chote, na aulize maneno haya matano kabla ya kutia kidole gumba chake katika karatasi. La kwanza, ni nani hasa aliyeniajiri, na jina lake li wapi katika mkataba? La pili, nitalipwa kwa fedha, na siku gani? La tatu, kazi nikiimaliza na mali ikakataliwa, hasara ni ya nani? La nne, nikiumia au nikiugua, nani atanitibu? La tano, kuna nini ndani ya bomba ninalopewa kubeba?

Ninyi Machifu na Wazee, kijana akiwa peke yake huogopa kuuliza, lakini mwandikaji wa vibarua hawezi kudharau swali la mzee mbele ya watu. Ulizeni kwa niaba yake. Nanyi Walimu, kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mfundisheni mtoto hesabu za robo na nusu, ili siku moja ajue kama mkungu wake umehesabiwa kwa haki. Mfundisheni kusoma si kitabu cha shule tu, bali na maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa pipa la dawa. Watu wa ndizi walibeba mizigo mizito sana, lakini uliowaangamiza ni ule ambao hawakuambiwa uzito wake.

Nawaombeni tena, mtu akila ndizi iliyotoka mbali, iwe yeye au mwanawe aliye ughaibuni, amkumbuke aliyeipokea begani isiguse chini. Tunda lilitunzwa lisichubuke. Mtu naye astahili kutunzwa hivyo.